Sarafu za Mabati ya Kanisa

Nyumbani kwa Bwana Okoth,
Nyumba za Reli,
Voi.
Ijumaa, 14 Septemba 1979

Kaka Silvanus,

Nakusalimu kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa wake, wewe na shemeji Ajiambo, pamoja na watoto wenu ambao bado sijawatia machoni. Nauliza hali ya hapo Mata, kama mvua imewaangalia mwaka huu, na kama lile bega ulilotegua ulipoanguka na punda limepoa. Bwana Okoth wa reli, anayekuletea barua hii kwa gari la moshi, ndiye aliyenieleza habari za bega. Usiponitambua kwa mwandiko sitakulaumu, maana ulipouona mara ya mwisho nilikuwa darasa la tano, nawe ulikuwa unanishika mkono nisipite chini ya mstari. Ni mimi Tryphena, uliyekuwa ukiniita Trifi. Mimi ni mzima wa mwili. Siku hizi nafundisha watoto wa darasa la pili pale pale Rukanga tuliposoma sisi.

Baba yu hai. Nalitanguliza hilo ili usisome barua hii huku roho ikiwa mkononi. Lakini si yule Baba uliyemwacha. Wiki tatu zilizopita alianguka kwenye shamba la pojo, na walipomwinua upande wa kulia wote ulikuwa umekufa ganzi, mkono na mguu, na ulimi ukamwia mzito. Tulimleta hospitali hapa Voi. Daktari anasema ni kiharusi, na kwamba kesho Jumamosi ataruhusiwa kurudi nyumbani, mradi nyumba itengenezwe. Isiwe na kizingiti cha kuruka, mlango uwe mpana wa kupitisha mtu na wa kumshikilia, na sakafu iwe ya simiti ili mguu usijikwae kwenye mashimo. Juu ya yote akasisitiza neno moja. Asipewe habari ya kumshtua, iwe ya huzuni au ya furaha, kwa sababu mshipa uliopasuka mara ya kwanza unaweza kupasuka tena. Neno hilo lilinikaa kifuani tangu siku ile, na jana ndipo nilipolijua uzito wake.

Jana niliomba ruhusa shuleni. Nilikuwa nimeandika kazi zote nyuma ya karatasi ya daftari, na ukiisoma karatasi ile utafikiri ni ya watu kumi. Kung'oa kizingiti, kupanua mlango wa chumba cha Baba, kusawazisha sakafu, kufunga ubao ukutani ajishike, kupaka chokaa. Halafu kuja Voi kununua mifuko miwili ya simiti, bawaba, shati la kulalia na dawa ambazo hospitali haina, na kurudi nazo kabla jua halijatua. Nilimwita Fundi Donald, yule mtoto wa marehemu seremala wa Bungule, akaja saa moja asubuhi na mtaimbo wake. Jirani yetu Katunge akaja kunisaidia kuchota mchanga. Katunge ni Mkamba aliyeolewa karibu nasi mwaka ule ule mama alipofariki, kwa hiyo unaweza kumkumbuka kidogo. Ndiye aliyekuwa akikupa uji wakati wa matanga.

Ile nyumba kaka ni ile ile. Baba hakukubali kuibomoa. Fremu ya mlango wa chumba chao ilikuwa imeliwa na mchwa hata Fundi Donald akasema hakuna haja ya msumeno, aegemee tu ianguke. Akaitia mtaimbo upande wa ukutani, akasukuma. Udongo ukamwagika, kisha nikasikia mlio ambao haukuwa wa mawe. Kitu kilianguka kizito, kikapasuka, na vitu vikabiringika sakafuni mpaka kwenye miguu yangu.

Zilikuwa sarafu. Shilingi zile za zamani zenye simba, senti kumi zenye tundu katikati, zingine zimeshikana kwa kutu ya kijani kama zimechemshwa pamoja. Kulikuwa na shimo ndani ya ukuta, kubwa la kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, lililozibwa kwa udongo na kupigwa laini kwa kiganja. Fundi Donald akacheka, akasema, "Mwalimu, kumbe nyumba yenu ina benki." Hakujua. Yeye ni kijana wa juzi. Lakini Katunge aliinama akaokota kipande cha kitambaa kilichobaki cha ule mfuko, akakikung'uta, akakitazama kwenye mwanga. Ilikuwa leso ya mama, ile ya maua ya rangi ya machungwa, imeshonwa kwa uzi mweusi.

Katunge hakucheka. Alisema taratibu, kama mtu anayejisemea, "Hizi ndizo pesa za mabati ya kanisa. Basi yule kijana alionewa bure."

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Fundi Donald alinipa maji. Nilipoinua macho Katunge hakuwepo; karai lake la mchanga alikuwa ameliacha mlangoni. Simlaumu. Habari kama ile hata mimi ningeshindwa kuibeba peke yangu. Lakini kabla sijapangusa uso nilisikia vigelegele upande wa kanisani, na ndipo nikakumbuka kwamba ilikuwa Alhamisi, siku ambayo akina mama wa kanisa huja Voi kuwaombea wagonjwa, na mgonjwa wao wa kwanza ni Baba. Mama Lois, mke wa mchungaji, ndiye anayewaongoza. Nikatoka mbio na mikono yangu yenye udongo. Niliikuta Landrova ya kanisa inakata kona ya mwisho kuelekea barabara ya Maungu, vumbi limeifunika. Nilipunga mkono, nikaita. Walinipungia wao pia. Walidhani nashangilia.

Sasa hebu fikiria nilivyokuwa. Mzee wetu amelala wodini hawezi kusema, daktari amekataza habari ya kushtua, na Landrova nzima ya akina mama wenye furaha inamkimbilia na habari ambayo kwa miaka kumi na mitatu ndiyo imekuwa mwiba wake. Nilirudi ndani nikazoa zile sarafu zote kwenye kikapu, nikazifunika na leso yangu. Sijui kwa nini nilizichukua. Hazinunui kitu tena, zilikwishaondolewa, hata duka la pale sokoni halizipokei. Labda niliogopa kwamba zikibaki nyuma zitapotea tena na watu waseme hazikuwahi kuwapo. Nikamwambia Fundi Donald aendelee, asimalize mlango mpaka nirudi na bawaba, nikaenda kusimama barabarani.

Gari la kwanza kupita lilikuwa lori la mbuzi wa ranchi, saa nne unusu. Dereva alinipandisha mbele. Nilimwomba aharakishe, akaniambia mbuzi hawaharakishwi, wakianguka wanakufa. Tulipofika Maungu gurudumu la nyuma likapasuka. Nilikaa kwenye jiwe kando ya barabara kuu na kikapu mapajani muda wa saa nzima na zaidi, mabasi ya Mombasa yananipita yamejaa, na kila mara nilipobadilisha mkao zile sarafu zililia ndani ya kikapu. Dereva aliniuliza nimebeba nini. Nikamwambia misumari. Ni uongo mdogo, lakini ulinichoma, kwa sababu nitakayokueleza mbele.

Nilipofika Voi ilikuwa yapata saa kumi. Nilipita mbele ya duka la simiti, mwenyewe amesimama nje anafunga mlango mmoja, nikapita. Nilipita duka la dawa. Nilikwenda moja kwa moja mpaka hospitali, nikaingia wodi ya wanaume karibu nikimbie, na kabla sijafika kitandani nilisikia wimbo. Akina mama walikuwa wamemzunguka Baba, wanaimba kwa sauti ya chini ili wasifukuzwe, wengine wanalia. Mama Lois alinikumbatia. Alinieleza kwamba walimwomba nesi ruhusa, na kwamba yeye mwenyewe aliinama sikioni mwa Baba akamwambia polepole, "Mzee Danson, pesa za kanisa zimepatikana ukutani mwa nyumba yako. Mtoto wako hakuziiba."

Niliuliza alifanya nini. Mama Lois akasema alitazama dari tu, hata wakaogopa. Kisha chozi likatoka jicho la kushoto, ule upande ulio hai.

Nikapenya nikamshika mkono. Aliponiona alianza kuvuta sauti. Kaka, katika wiki tatu Baba hakuwahi kutoa neno ambalo mtu angelielewa. Alikuwa akitoa mlio tu kama mtu anayesafisha koo. Jana alivuta, akavuta, mishipa ya shingo ikamsimama, nami nikimsihi anyamaze asijiumize. Mwisho akasema, "Siva." Akarudia tena. "Siva." Akina mama hawakuelewa. Mimi nilielewa. Ndivyo mama alivyokuwa akikuita.

Kisha akaanza kunyoosha mkono wa kushoto chini ya kitanda. Nesi akadhani anahitaji choo, akamletea chombo, akakisukuma. Wakampa maji, akayasukuma. Alikuwa anakasirika, na mimi nilikuwa nalikumbuka lile onyo la daktari. Ndipo nilipoinama nikaona viatu vyake, vile vyeusi vya kanisani tulivyokuja navyo ili siku ya kutoka avae. Nilipovitoa akaacha kuhangaika. Alitaka avalishwe. Mguu wake mmoja ulikwisha kuwa nje ya shuka. Baba alitaka kuondoka wakati ule ule, kaka, na mguu wake mmoja, aje kukutafuta.

Nesi alikataa kata kata. Mimi nilimbembeleza Baba kwamba barua itatangulia, kwamba nitaiandika mwenyewe. Hapo akanitazama sana. Mama Lois naye akanigeukia akaniuliza, "Mwalimu, mbona wewe hufurahi?" Nikajibu kwamba nimechoka, nimetoka mbali na lori la mbuzi. Wote wakakubali. Kila mtu jana alikubali kila nilichosema, na hilo ndilo lililonitesa zaidi.

Sasa nakuomba ukae mahali pa kukaa, kaka, kama unasoma umesimama.

Nikurudishe kwenye asubuhi ile walipombeba mama kwa kitanda mpaka kwenye gari la ranchi. Wewe ulikuwa bado Ndara kwenye kazi yako ya kufyeka. Baba alikuwa mbele anawafungulia watu njia. Mimi nilitembea kando ya kitanda nimeshika ukingo wa shuka. Mama alikuwa anawaka kwa homa, akanivuta karibu, akaniambia kwa sauti ya kukatika, "Mwambie baba yako, mfuko wa kanisa nimeuweka mlangoni. Nilisikia wezi wamevunja duka." Ndivyo alivyosema. Mlangoni. Siku ya tatu akafariki hapa hapa Voi, na hakusema na mwingine.

Nilimwamini. Jioni ile ile nilitafuta nyuma ya mlango, chini ya mlango, ndani ya chungu kilichokuwa karibu na mlango. Hapakuwa na kitu. Nikadhani ni homa iliyokuwa ikisema. Nilitaka kumwambia Baba, lakini Baba alirudi na maiti, na nyumba ikajaa watu. Wazee walipokuja wiki ya pili kuchukua pesa za mabati, ambazo kanisa lilimpa Baba azitunze, na sanduku likafunguliwa likaonekana tupu, shangazi alisema mbele yetu watoto kwamba anayejua habari za pesa zile na hasemi, huyo naye ni mwizi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikawaza: nikisema mama aliniambia ziko mlangoni, nao wakitafuta wasizione, watasema nilizitoa mimi.

Wewe ulikuwa umerudi na suruali mpya na saa ya mkononi. Ulisema ni mshahara wako, na hakuna aliyekuamini. Lakini kaka, kabla ya kukuita wewe, Baba aliniita mimi mbele ya wazee. Hilo hukulijua, ulikuwa umekwenda kisimani. Aliniuliza swali moja tu. Kama mama yangu aliniambia lolote juu ya mfuko. Nikasema hapana.

Hapana. Neno hilo moja ndilo lililokufukuza wewe nyumbani. Lau ningesema ndiyo, hata kama wangenipiga, Baba angeubomoa mlango ule kwa mikono yake kwa ajili ya neno la mwisho la mama. Badala yake alikuambia usionekane pale mpaka ulete zile pesa, akamuuza yule ng'ombe wa maziwa, akalipa, kanisa likaezekwa. Tangu siku ile hajakubali kushika sadaka wala ufunguo wa sanduku lolote. Jina lako hakulitaja, nami nilidhani ni hasira. Jana nimejua haikuwa hasira.

Ulipokuwa unaondoka ulinikuta karibu na mtungi. Uliniuliza kama mimi pia naamini uliiba. Nilijua kwamba hukuiba. Mtu mmoja tu kijijini alikuwa na sababu ya kujua, naye ni mimi, na nilitazama mtungi mpaka ukaondoka.

Sitakuomba msamaha kwenye karatasi, maana karatasi ni rahisi. Wala sitasema nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtoto mwaka mmoja au miwili. Baada ya hapo nilikuwa mtu mzima mwenye akili, nafundisha watoto wa wenzangu wasiseme uongo. Huu ni mwaka wa pili tangu Bwana Okoth aniambie alikuona stesheni ya Taveta, kwamba unalima Mata na una mke mwema. Ningeweza kuandika. Kila mwisho wa mwezi nilinunua stempu. Niliogopa utaniuliza, na nikikujibu, basi nitakuwa nimekiri.

Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa. Nimeona si haki mwingine akutangulie. Kesho tukimfikisha Baba nyumbani na akishapumzika, nitakaa upande wake wa kushoto nimweleze. Naogopa sana. Nimemuuliza daktari asubuhi hii, bila kumtajia ni jambo gani, kama mgonjwa anaweza kuambiwa neno zito akiwa ametulia kwake. Akasema mtu aliyeikabili habari ya jana akabaki hai ana moyo kuliko tulivyodhani, lakini nisimwambie akiwa na njaa wala uchovu, na nisimwache peke yake baadaye. Jumapili Mama Lois anataka kanisa lishangilie na jina lako lisafishwe mbele ya wote. Nimemwomba nisimame mimi niseme. Anafikiri nitatoa shukrani. Nitasema hayo niliyokuandikia hapa. Baada ya hapo sijui kama watanipa tena watoto wao niwafundishe, wala sijui Katunge ataniita nani. Lakini nitasema.

Simiti nimeinunua leo saa mbili, na bawaba, na dawa. Fundi Donald amenitumia ujumbe kwa dereva yule wa mbuzi kwamba amekwisha sawazisha sakafu, ananingoja. Kabla ya kuja kuandika nilipita wodini. Nesi wa zamu anasema Baba alikataa dawa, akakataa uji, mpaka walipomvika vile viatu. Wakamvika. Amelala navyo, amefunikwa shuka juu yake, na kila mlango wa wodi ukilia anafumbua macho.

Ndiyo maana nakuandikia, kaka. Siombi uje kwa ajili yangu. Ukija na hutaki kuniona, mwambie Okoth tu, nami nitakwenda kwa shangazi kule Mbale nikae huko mpaka umalize siku zako. Ukija na ukataka kunipiga makofi mbele ya watu, nitasimama. Lakini Baba usimnyime. Gari la moshi la Taveta likirudi Jumatatu, Okoth anasema kuna nafasi, na nauli amenikataza nisiitaje.

Nisalimie shemeji Ajiambo, mwambie kuna mtu huku anayetamani kuujua uso wake. Nisalimie Nashon mdogo, na yule binti ambaye nasikia mmempa jina la mama. Fundi Donald, Katunge na akina mama wote wa Rukanga wanakusalimu. Hawakunituma, ila najua wangenituma. Okoth amekwisha vaa kofia yake ya kazi, amesimama mlangoni ananitazama mkono, na mimi sijui namna ya kuifunga barua hii ila kwa kuacha kuandika.

Wasalaam.

Mdogo wako,
Tryphena